Nusu ya Yubile: Wageni Waliojenga Kanisa la Pwani



Historia ya kwaya yetu, tangu mazoezi ya kwanza chini ya mwembe hadi leo, katibu ameiandika katika kurasa zilizotangulia, nami sina la kuongeza. Mimi nimeombwa niandike kuhusu neno lililo kwenye jalada la kijitabu hiki na kwenye sare tulizoshona: Yubile. Tumelizoea sana neno hili. Tukilisikia tunaona keki, wageni wa heshima, mchango wa ukumbi na hotuba ndefu. Si vibaya. Lakini neno lina historia yake, na historia hiyo inagusa namna kanisa lilivyoanza katika nchi hii.

Yubile imetoka katika Walawi sura ya 25. Israeli walihesabu miaka 49, na katika mwaka wa 50, siku ya Upatanisho, baragumu ilipigwa nchi nzima. Mambo mawili yalitangazwa. La kwanza, mtu aliyejiuza kwa sababu ya umaskini aliachwa huru. La pili, alirudi kwa jamaa yake na kwenye shamba la baba zake. Yote mawili yalikwenda pamoja, uhuru na kurudi nyumbani. Mtu aliyefunguliwa kamba lakini hana pa kwenda alikuwa bado hajaiona yubile yake yote.

Kuna aya mbili katika sura hiyo ambazo hazisomwi sana siku za sherehe. Aya ya 23 yasema ardhi ni mali ya Mungu, na Waisraeli wenyewe wamekaa kwake kama wageni. Hata yule anayerudi kwenye shamba la babu yake anarudi kama mpangaji. Halafu tukisoma mbele, kuanzia aya ya 44, tunakuta jambo gumu: mtumwa aliyetoka katika mataifa mengine hakuhesabiwa katika uhuru huo. Baragumu ilipolia, mgeni alibaki pale pale alipokuwa.

Tusilifiche jambo hili, kwa maana Bwana Yesu hakulificha. Katika Luka 4, ndani ya sinagogi la Nazareti, alisoma maneno ya nabii Isaya kuhusu kufunguliwa kwa mateka na mwaka wa Bwana uliokubaliwa, yaani lugha ya yubile. Watu wakafurahi. Kisha akawataja watu wawili wasio wa kwao, mjane wa Sarepta na Naamani Mshami, kwamba Mungu aliwahurumia hao. Hapo furaha ikaisha. Walimtoa nje ya mji wakataka kumtupa chini kutoka ukingo wa kilima. Kuisoma yubile hakukuwaudhi. Kumpa mgeni ndiko kuliwaudhi.

Basi nataka niwaeleze habari za watu wa pwani yetu waliopewa uhuru bila kurudi nyumbani. Nawaita watu wa nusu ya yubile. Ni wao, kuliko watu wengine wowote, waliojaza viti vya makanisa ya mwanzo ya Kianglikana katika nchi ambayo leo ni Kenya, na ni wao walioimba kwanza.

Kaburi na kijiji

Wengi wetu tunajua kwamba Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Tunasahau kwamba alifika baada ya kufukuzwa. Alikuwa Ethiopia, na milango ya huko ilifungwa mbele yake mmoja baada ya mwingine. Miezi michache tu baada ya kufika, Julai 1844, mke wake Rosine alifariki, na mtoto wao mchanga pia. Kaburi lao liko upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Ardhi ya kwanza ambayo misheni iliishika upande wa bara, kwa namna fulani, ilikuwa ya kaburi la mama mgeni na kichanga chake. Nasema hivyo nikimkumbuka Ibrahimu katika Mwanzo 23, ambaye baada ya ahadi zote zile za nchi alimiliki kwanza mahali pa kumzika Sara.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alifika, na wawili hao wakaanza kazi Rabai. Rebmann alikaa karibu miaka 30, mpaka macho yake yakapofuka. Waongofu wake walihesabika kwa vidole. Lau kanisa lingetegemea idadi hiyo, lingekufa pamoja na mzee huyo. Waliolikuza walitoka mahali ambapo hakuna mtu aliyewatazamia: India.

Watoto waliopotea baharini

Katika miaka hiyo manowari za Uingereza zilizunguka Bahari ya Hindi zikikamata majahazi yaliyobeba watumwa. Watu waliookolewa wasingeweza kurudishwa kwao. Wengi walitekwa wakiwa watoto, pande za Ziwa Nyasa na nchi za Wayao na Wamakua, wakatembezwa kwa miguu hadi pwani, wakauzwa, wakauzwa tena. Mtoto wa miaka saba anajua jina la mama yake na la mto wa kwao. Hajui njia. Na hata angeijua, njia yenyewe ilikuwa bado ya wauza watu.

Baadhi yao walipelekwa Bombay. Huko, karibu na mji wa Nasik, Chama cha CMS kilikuwa na makao yaitwayo Sharanpur. Watoto walifundishwa kusoma, ufundi na Neno la Mungu, wakabatizwa, wakapewa majina mapya: William Jones, Ishmael Semler, George David, Jacob Wainwright, Matthew Wellington. Ndiyo maana mpaka leo pwani kuna familia za Waafrika zenye majina ambayo ungeyatafuta katika kijiji cha Uingereza. Mimi hujiuliza kama mtu alipoitwa Jones mara ya kwanza alihisi amepewa kitu au amenyang'anywa kitu. Nadhani yote mawili.

Mwaka 1864 baadhi yao walirudishwa Afrika Mashariki kumsaidia Rebmann, miongoni mwao Jones na Semler pamoja na wake zao. Tafakarini hali yao. Walirudi Afrika, naam, lakini Rabai haikuwa kwao. Lugha ya Kirabai hawakuijua. Wenyeji waliwaona wageni. Wazungu waliwaona wasaidizi. Watu wa mjini Mombasa waliwakumbuka kama watu waliokuwa watumwa. Wao wenyewe walikuwa wameishi nchi tatu kabla ya kuota ndevu.

Wengine katika kundi hilo la Nasik walikwenda bara na kumfikia David Livingstone katika siku zake za mwisho. Alipokufa Mei 1873, Jacob Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya mazishi pale moyo wake ulipozikwa, na Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili hadi pwani. Wainwright aliusindikiza mpaka London, akawa miongoni mwa wabeba jeneza katika kanisa la Westminster Abbey mwaka 1874. Matthew Wellington, aliyekuwa katika msafara huo huo, aliishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 1935. Wako wazee wetu waliozaliwa akiwa bado hai.

Kengeleni

Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kwa shauri hilo alikuwa Sir Bartle Frere. Baada ya mkataba likazuka swali ambalo mikataba mingi huliacha: hawa wanaookolewa waende wapi?

CMS ilimtuma William Salter Price, yule yule aliyekuwa amewalea watoto wa Nasik. Mwaka 1875 alinunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, akaanzisha kijiji kilichoitwa Freretown. Waafrika wa Bombay zaidi ya mia moja waliitwa waje kuwa walimu, mafundi na viongozi. Septemba ya mwaka huo manowari Thetis ilishusha watu walioachwa huru zaidi ya 200 kwa mara moja. Walikuwa wagonjwa, wachovu, na wengi walikuwa watoto.

Anayepita leo na matatu kwenda Nyali au Bamburi hushuka Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya Freretown, ambayo mnara wake ungali upo pale njia panda. Kengele ililia kuita watu kwenye sala na kazini. Ililia pia kuonya kwamba kuna hatari baharini, watekaji wasije wakawakuta watu mashambani. Katika Walawi ni baragumu. Kwetu ilikuwa kengele. Sauti moja ilisema "njooni kwa Mungu" na "kimbieni wauaji," na watu hao hawakuhitaji mwalimu wa theolojia kuwaeleza kwamba maneno hayo mawili yanahusiana.

Sasa nifike kwenye jambo linaloihusu kwaya moja kwa moja. Katika mstari mmoja wa viti vya kanisa la Freretown aliketi Myao, Mmakua, Mnyasa, Mngindo, na mtu aliyekulia India anayejua Kihindustani kuliko lugha ya mama yake. Waimbe kwa lugha gani? Jibu lilikuwa Kiswahili. Hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao, na kwa wengi kilikuwa kwanza lugha ya mtu aliyewanunua. Wakakichukua, wakakisafisha kwa sala na nyimbo. Leo Mluo, Mkamba, Mtaita na Mkikuyu wanapoimba pamoja kwa Kiswahili kanisani tunaona ni kawaida tu. Ilianza kuwa kawaida kwa watu ambao lugha zao zilikuwa zimebaki nyuma yao.

Nisije nikaipamba Freretown kupita kiasi. Ardhi ilikuwa ya misheni, si yao. Kanuni zilikuwa kali, na katika miaka ya mwanzo mmoja wa wasimamizi aliondolewa baada ya malalamiko kwamba watu walichapwa viboko. Watu waliookolewa kutoka kwenye kiboko wakakikuta tena ndani ya ua wa kanisa. Jambo hilo liliwaudhi marafiki wa misheni hata Uingereza, na lilistahili kuwaudhi.

Watoro

Mtihani mkubwa wa kanisa hilo haukuletwa na wale walioshushwa na manowari. Hao walikuwa na karatasi, na serikali iliwatambua. Uliletwa na watoro.

Mkataba wa 1873 ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Haukukataza utumwa wenyewe. Katika mashamba ya pwani mtumwa alibaki kuwa mali ya bwana wake kisheria, na hali hiyo ya kisheria haikufutwa pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Basi watu wakaanza kutoroka kutoka mashambani usiku na kukimbilia Rabai, Freretown, na kwa Wamethodisti huko Ribe. Walikuwa wamesikia kwamba kuna mahali watu kama wao wanaishi huru na kuimba.

Wamisionari Wazungu walikuwa katika shida. Wangewapokea, wangevunja sheria ya nchi na kuhatarisha misheni nzima. Mwaka 1880 watu wa Mombasa walitishia kuivamia Freretown kwa sababu hiyo. Wangewafukuza, wangehubiri nini Jumapili?

Na Biblia yenyewe ina mafungu mawili yanayovutana. Kumbukumbu la Torati 23, aya ya 15 na 16, yaagiza waziwazi kwamba mtumwa aliyekimbia asirudishwe kwa bwana wake, bali akae mahali atakapopachagua mwenyewe, wala asionewe. Hakuna amri iliyo wazi kuliko hiyo. Lakini pia kuna Waraka kwa Filemoni, ambamo Paulo anamrudisha Onesimo. Mtu mwenye kutafuta sababu ya kufunga lango aliweza kuishika Filemoni. Ila aisome mpaka mwisho: Paulo anamrudisha Onesimo akiwa ndugu, anaomba apokelewe kama angepokelewa Paulo mwenyewe, na anaahidi kulipa deni lolote kwa mkono wake. Anayemrudisha mtu bila kujitolea kulipa deni lake hajafanya alichofanya Paulo.

Agizo rasmi kutoka kwa wakubwa lilikuwa kwamba watoro wasipokelewe. Rabai, iliyokuwa mikononi mwa William Jones na wenzake wa Bombay, watoro waliendelea kuingia. Walijenga vibanda, wakalima, wakaja kanisani, wakabatizwa. Nadhani twaelewa kwa nini. Msimamizi aliyezaliwa Uingereza alipomwona mtoro langoni aliona tatizo la kisheria. Jones alijiona mwenyewe. Kutoka 23:9 panasema hivyo hasa: usimwonee mgeni, kwa sababu unaijua roho ya mgeni, ulikuwa mgeni wewe mwenyewe. Sheria ya Musa haikuanzia kwenye huruma ya jumla. Ilianzia kwenye kumbukumbu.

Kuna wengine waliokwenda mbali zaidi. Katika nchi ya Wagiriama, mahali paitwapo Fulladoyo, Wakristo wachache Wagiriama walianzisha kijiji chao wenyewe bila Mzungu, na watoro wakajiunga nao kwa wingi. David Koi alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mwaka 1883 aliuawa na watu waliokasirishwa na hifadhi hiyo. Anahesabiwa kuwa shahidi wa kwanza wa Kanisa la Kianglikana katika Kenya. Ni wangapi kati yetu tumelisikia jina lake likitajwa mimbarini? Alikufa kwa sababu ya swali la nani apewe pa kulala.

Mambo yalifika kilele mwaka 1888, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipoingia Mombasa. Wenye watumwa walidai mali yao. Vituo vya misheni vilipohesabiwa, ilionekana kwamba watoro walikuwa mamia kwa mamia, na wengi zaidi walikuwa Rabai. George Mackenzie, mkuu wa Kampuni, alichagua kulipa. Mwanzoni mwa mwaka 1889 mabwana walifidiwa, na watu wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Kwa Kiswahili, tendo hilo huitwa kukomboa. Ndilo neno tunalotumia kwa kitu kilichowekwa rehani, na ndilo tunalotumia kwa Msalaba. Tunapoimba kwamba tumekombolewa, sisi wa leo tunaimba fumbo. Kule Rabai, mwezi ule, mwanakwaya aliweza kuimba neno hilo akiwa na karatasi mkononi, anajua bei, na anajua nani alilipa. Lakini tuangalie pia upande wa pili: fedha zote zilikwenda kwa mabwana. Watu walioibiwa miaka yao hawakupata hata senti. Kumbukumbu la Torati 15 yaagiza kwamba mtumwa akiachwa huru asitoke mikono mitupu, bali apewe kondoo, nafaka na divai. Sehemu hiyo hakuna aliyeikumbuka.

Bendera ya bluu

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1885. Tarehe 31 Mei, Jumapili ya Utatu, Askofu James Hannington aliwatia mikono William Jones na Ishmael Semler wawe mashemasi. Hao ndio wa kwanza kupewa daraja hiyo katika nchi hii. Ninaomba tuliweke hili moyoni: mashemasi wa kwanza wa Kianglikana Kenya walikuwa watu waliotekwa utotoni, waliolelewa ughaibuni, wasio na ukoo hapa wala shamba la urithi.

Wiki chache baadaye Hannington alifunga safari ya Uganda kwa njia ya Umasaini, na Jones akaenda naye. Walipofika Kavirondo, Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na wapagazi kama 50. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wengi wa watu wake pamoja naye. Waliosalimika walikuwa wachache sana, na ndio walioleta habari kwa Jones.

Jones alikuwa na watu wenye njaa na hofu, mamia ya maili kutoka pwani, bila askofu. Aliwarudisha. Walipoingia Rabai mwanzoni mwa Februari 1886, msafara ulitanguliwa na bendera ya bluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Ni jina la mtoto katika 1 Samweli 4, aliyezaliwa siku Sanduku la Agano lilipotekwa, na maana yake ni kwamba utukufu umeondoka. Watu wa Rabai waliiona bendera kabla hawajaona uso wa mtu, na waliokuwa wanaijua Biblia yao wakajua.

Mimi hukaa sana na picha hiyo. Jones angeweza kuandika jina la Askofu, au kuchora msalaba. Alichagua neno kutoka katika hadithi ya kutekwa. Huyu ni mtu aliyeyasoma Maandiko kama habari za kwao. Ndugu, hiyo ndiyo theolojia. Haikuandikwa katika kitabu, iliandikwa kwenye kitambaa, na shemasi wa miezi minane.

Walikokwenda na tulipo

Watu wa Freretown na Rabai hawakubaki pwani. Walikwenda kuwa walimu na wainjilisti Taita, Taveta na Jilore. Chuo cha wachungaji kilichoanza Freretown mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's, ambako wachungaji wengi waliotuhubiria wamesoma. Mwaka 1934 James Juma Mbotela, mtoto wa mtu aliyeachwa huru, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa, na wazee wengi wetu walikisoma shuleni. Mambo ya Walawi yalitimia kwao kwa njia isiyo ya kawaida. Hawakurudi kwa jamaa zao, wakafanya jamaa. Hawakurudi kwenye shamba la baba. Wakawa kama waliotajwa katika Waebrania 11, waliokiri kwamba ni wageni duniani wakaitazamia nchi nyingine.

Hapa pana hatari ambayo sisi waimbaji tunaijua. Nyimbo zetu nyingi zinasema sisi ni wasafiri, dunia si yetu, tunakwenda nyumbani. Tunaziimba vizuri sana kwenye matanga. Lakini mtu anaweza kuimba kwamba ni msafiri kwa miaka 50, akiwa na hati ya shamba na kitambulisho mfukoni, na asimtambue msafiri wa kweli aliyeketi nyuma yake. Petro alipowaandikia waumini waliotawanyika na kuwaita wageni, hakuwa anawapamba. Waebrania 13 inapotuambia tusisahau kuwafadhili wageni, hapo hapo inatuambia tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao.

Nayaandika haya kwa sababu ya mambo mawili yaliyo mbele yetu.

Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, na Kakuma mwaka 1992, wakati vijana wa Sudan walipoingia wakitembea kwa miguu. Kuna watu waliozaliwa Kakuma ambao sasa wana watoto wao wenyewe waliozaliwa Kakuma. Ndani ya kambi kuna makanisa mengi na kwaya nyingi, na Wakongo na Warundi walioko huko wanaimba kwa Kiswahili, lugha ile ile waliyoichagua watu wa Freretown na kwa sababu ile ile. Familia zilizohama kutoka huko na kuja kuishi mtaani kwetu zinaabudu nasi, katika ibada ya pili. Watatu wameomba kujiunga na kwaya. Kuna wanaosema wangoje kwanza mpaka ijulikane kama watakaa, kwa maana sare ni ghali na mtu anaweza kuhamishwa wakati wowote.

Jambo la pili ni watu wetu wenyewe. Baadhi ya sauti tulizozizoea katika safu ya alto ziko Riyadh na Doha, zinalea watoto wa watu wengine ili wa kwao walipiwe karo. Wengine huimba chumbani kwa sauti ya chini, simu ikiwa wazi, wakati sisi tunafanya mazoezi Jumamosi. Mmoja ametuma mchango wa kijitabu hiki. Hao nao wana uhuru wao nusu, na kurudi kwao kunategemea pasipoti iliyo mikononi mwa mtu mwingine.

Kamati itakutana Jumanne baada ya sherehe, saa kumi na moja jioni, kuamua habari za wale watatu. Ombi langu kwa kamati ni kwamba wapimwe kama tulivyopimwa sisi wengine, yaani kwa sauti. Besi wawili, na dada mmoja ambaye, kwa masikio yangu, ni soprano.

Wakati wa ibada leo, kabla ya wimbo wa tatu, yatasomwa majina ya wanakwaya waliotangulia mbele za haki na ya wale walio nje ya nchi. Mkimaliza kuyasikia yetu, mnisaidie kuongeza haya kimoyomoyo: William Jones, Ishmael Semler, George David, David Koi.